Friji la Kuatamia

Mtu akikuambia mama mkwe ni mzigo, mwulize kwanza kama amewahi kumzoea. Fundi Barafu alikuwa amemzoea wake. Siku yule mama alipotangaza kwamba anahama, mafundi wenzake Barafu walimpa mikono ya hongera, wakamwambia sasa utapumua, ndugu yetu. Akacheka nao. Kisha akazunguka nyuma ya karakana, akasimama peke yake akiukodolea macho ukuta.

Lakini tuanzie kwenye kosa, maana kosa lilikuwa lake na mimi simtetei. Barafu ni fundi wa mafriji. Friji likikata roho mtaani huletwa kwake, na akishindwa kulifufua halitupi. Halitupi kabisa! Atatoa kompresa, atatoa feni, na gamba linalobaki atalisimamisha uani kwake, eti litafaa siku moja. Uani mzima ulikuwa umejaa mafriji yasiyo na matumbo, yamepangwa ukutani kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Mama mkwe alisema mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili alisema kwa sauti ya kusikika kwa jirani. Mara ya tatu akasema, "Barafu, haya majeneza yako yatakuja kuua."

"Kesho nayaondoa, Mama."

Kesho ya fundi mnaijua wenyewe. Asubuhi moja upepo ukavuma, mlango wa friji uliokuwa umeegemezwa tu ukaanguka, na chini yake alikuwa akipita Bibi Afya.

Bibi Afya alikuwa kuku. Tetea wa madoadoa, mkali, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila kulipokucha alikagua jiko, bafu na mvungu wa kila kitanda, na asiporidhika alipiga kelele mpaka mtu aje na ufagio. Mimi na wewe tungesema kuku ni kuku, tumle, tutafute mwingine. Mama mkwe asingesema hivyo hata kwa kisu shingoni. Alipofiwa na mumewe na kuja kukaa kwa binti yake, alikuja na begi moja mkononi na kuku mmoja kwapani, na huyo kuku ndiye aliyemzaa mama yake Bibi Afya. Ukoo ule aliuanzisha marehemu mama yake, uani kwao, yeye akiwa mtoto wa kukimbizana na vifaranga. Nyumba ile haipo tena, na watu wake karibu wote wako chini ya udongo. Kilichokuwa kimebaki kinatembea ni yule kuku.

Mama mkwe hakulia. Heri angelia. Alimzika Bibi Afya kando ya ukuta, akanawa mikono, akaingia ndani akasema anampigia simu mwanawe aje amchukue. Sauti haikupanda wala haikushuka, na hapo ndipo Barafu alipotoka zake uani.

Mkewe alimfuata uani. "Baba watoto," akasema, "mama yangu akiondoka humu kwa ajili ya hivi vyuma vyako, sijui nitakuwa nakutazama kwa jicho gani."

"Nimekosa."

"Najua umekosa. Nakuuliza utafanyaje."

Sasa, msidhani Barafu aliogopa jicho la mkewe peke yake, ingawa jicho lile nalo si la kuchezea. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa hajaota meno. Alilelewa na wema wa watu, leo nyumba hii, kesho ile, na watu wema humlisha mtoto wa mwenzao lakini hawamgombezi. Alifika utu uzima hajawahi kuambiwa na mtu, "Rudi ukanawe, mikono inanuka gesi." Wa kwanza kumwambia hivyo alikuwa mama mkwe, siku ya kwanza kabisa mezani, mbele ya wageni. Barafu alikwenda kunawa huku machozi yanamlengalenga, na tangu siku hiyo kila alipotukanwa alilala usingizi mzuri. Ndiyo, ni mambo ya ajabu. Lakini ndivyo alivyokuwa, na alimpenda yule mama kuliko alivyoweza kusema.

Bibi Afya alikuwa ameacha mayai kumi. Alikuwa amemaliza kutaga na siku yoyote angekaa kuyaatamia. Mama mkwe alikuwa ameyaweka kwenye kikapu, juu ya kitambaa, na kila aliyepita alimwona akiyatazama tu. Mtaa mzima hakukuwa na kuku aliyekuwa tayari kuatamia. Mmoja aliyejaribiwa, wa jirani, aliyapiga teke mayai ya watu na kumdonoa mama mkwe kidole.

Barafu akapiga moyo konde. "Mama, nitayatotoa mimi."

Mama mkwe alimtazama kutoka utosini hadi kwenye ndara. "Utayakalia?"

"Kwa mashine."

"Mashine gani?"

"Friji."

Lo! Mama mkwe alicheka mpaka akashika meza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. "Mtu kaua kwa friji, sasa anataka kufufua kwa friji," akasema. Kisha kicheko kikakatika, akanyoosha kidole, na maneno aliyoyasema aliyasema mbele ya binti yake na jirani aliyekuwa amekuja kupeleleza. "Haya. Kuku huchukua wiki tatu. Mwanangu nitamwambia aje wiki tatu zikitimia tangu mayai yaingie humo. Mashine yako ikitotoa, hata kifaranga mmoja, nabaki. Isipototoa, nakwenda, na msinisindikize."

Na yule mama, akishasema, amesema. Kwake kumeza neno lililosikiwa na jirani ni sawa na kutoka nje bila nguo.

Barafu akaingia kazini. Ilihitajika friji lenye mlango unaobana, joto lisitoroke, na katika msafara wote wa wagonjwa wa uani hakukuwa na hata moja ambalo mpira wake haukuwa umeoza. Friji lililobana vizuri lilikuwa moja tu, lile la nyumbani kwake, lililokaa pembeni mwa sebule tangu watoto wakiwa wadogo mpaka wamekua na kuhama. Akalitoa matumbo. La chakula akaleta jingine, akaliweka jikoni. Ndani ya lile la sebuleni akafunga balbu mbili za kutia joto, feni ndogo ya kulisambaza, na sahani ya maji kwa ajili ya unyevu, maana yai likikauka kifaranga hunaswa na ganda lake mwenyewe. Mlangoni akatoboa kidirisha akaweka kioo cha fremu ya picha, ili mtu aone ndani bila kufungua. Mwisho akafunga kile kifaa kinachopima joto na kuwasha au kuzima taa chenyewe.

Hapo ndipo mazoea yalipomponza. Mkono wa mtu aliyetengeneza mafriji maisha yake yote unajua kitu kimoja: joto likizidi, washa. Kwenye friji ni sawa, mtambo unawaka ili upoze. Barafu akaunganisha waya kama kawaida yake, akaweka mayai ya dukani kwa majaribio, akaenda kulala akiwa amejisifu. Taa zikawaka, joto likapanda. Joto lilipopanda, kifaa kikaona joto limezidi, kikaendelea kuwasha. Asubuhi alipofungua alipigwa na fukuto usoni, miwani ikafunga ukungu.

Mama mkwe alikuja na chumvi kwenye kisosi. Akachukua yai moja, akaligonga ukingo wa meza, akalimenya, akalila taratibu akitafakari.

"Mashine nzuri," akasema. "Inachemsha vizuri, kiini hakijakauka."

Barafu akafungua, akatupa kile kifaa cha friji, akaweka cha pasi ya zamani, akakaza skrubu na kulegeza, akakaza na kulegeza, mpaka kipimajoto kikatulia kwenye joto la tumbo la kuku. Ndipo mayai ya Bibi Afya yakaingia. Mama mkwe aliyapanga mwenyewe, moja moja, ncha kwa ncha, akafunga mlango kwa viganja viwili, akasema haamini hata kidogo.

Kasheshe iliyofuata ni ya mikono. Mkono hauna habari kwamba friji limehama. Mkewe Barafu alitia mboga za majani mle ndani, akazikuta zimenyauka kama zimepigwa pasi. Siku ya pili yake Barafu mwenyewe, fundi mwenyewe, aliyelitoboa kwa mkono wake, alitoka jikoni na bakuli la maharage, akalisukuma mle huku akipiga mluzi, na jioni maharage yalikuwa yanatoa povu. Ikabidi aufunge mlango kwa mpira wa baiskeli na kubandika karatasi: USIFUNGUE. Na bado walikuwa wanaushika, wanaukumbuka, wanajipiga kofi mkononi.

Ilipotimia wiki, Barafu alitaka kuona kama kuna uhai. Mayai hupimwa kwa tochi mahali penye giza, lakini ilikuwa mchana kweupe na sebule haina pazia la maana. Akachukua blanketi, akajifunika kichwa na tochi na yai. Mama mkwe alikuwa amekaa kando, anajifanya anachambua mchele.

"Unaona nini huko?"

"Njoo uone, Mama."

"Siji." Akaja. Akaingiza kichwa chini ya blanketi, wakabanana humo wawili, jasho linawatoka. Barafu akaliweka yai juu ya mwanga. Ganda likawa jekundu, ndani yake vimishipa vimetandaa, na katikati kidoa kinachotuna na kunywea, kinatuna na kunywea.

Mama mkwe akasogeza pua karibu na ganda. "Huo ni moyo?"

"Ni moyo, Mama."

"Nimefuga kuku tangu sijajua kufunga kanga," akasema polepole. "Sijawahi kuwaona wakiwa bado ndani."

Wakati huo huo mkewe Barafu akaingia kutoka sokoni, akakuta mama yake mzazi na mume wake wa ndoa wamejifunika blanketi moja vichwani, wananong'ona. Akaweka kikapu chini. "Ehe? Mnafanya nini?"

"Nyamaza," mama yake akamjibu kutoka humo ndani. "Tunamwangalia mtoto."

Mayai yanataka kugeuzwa pia. Kuku huyageuza kwa mdomo wake, asipofanya hivyo kifaranga hugandia upande mmoja. Barafu alichora alama ya msalaba kwa penseli kwenye kila yai, upande mmoja tu, ili ajue. Asubuhi anageuza, msalaba unatazama chini. Mchana anarudi, anakuta misalaba inatazama juu. Anasema, ala, kumbe asubuhi sikugeuza? Anageuza. Jioni anarudi, misalaba juu. Barafu akaanza kujiogopa. Akahesabu umri wake, akakumbuka mjomba wake aliyeanza hivyo hivyo na mwisho akawa anavaa viatu kichwani.

Akaamua kuotea. Baada ya chakula cha mchana, wakati nyumba inasinzia, akajibanza nyuma ya kabati. Punde mlango wa chumba ukalia, mkewe akatoka kwa ncha za vidole, akafungua mpira, akageuza mayai yote mbio mbio.

"Wewe!"

Nusura mama wa watu azimie. "Mimi nilidhani unasahau," akasema akishika kifua. "Wewe husahau kila kitu. Nikasema nisaidie kimya kimya, nisikuvunje moyo."

Hawajamaliza kulaumiana wakasikia ndara za mama mkwe zinakuja. Wakajibanza wote wawili nyuma ya kabati, mume na mke wazima, tumbo ndani. Mama mkwe akatazama kushoto, akatazama kulia, akapiga magoti mbele ya friji asiloliamini hata kidogo. Akayageuza mayai taratibu kuliko wote, kila moja akilipapasa.

"Jitahidini," walimsikia akiyaambia. "Jitahidini, wanangu. Msimtie aibu huyu mjinga."

Barafu alishika mkono wa mkewe akaubana mpaka mkewe akafinya uso. Hawakutoka mpaka alipoondoka. Hawakumwambia neno, si siku hiyo wala baadaye, ila kuanzia kesho yake wote wawili walikuwa na shughuli nyingi sana kila wakati wa kugeuza, na misalaba ikaanza kwenda inavyotakiwa. Furaha ya Barafu ilikuwa na mwiba ndani yake. Sasa alijua yule mama hataki kwenda. Lakini alijua pia kwamba mashine ikishindwa atakwenda tu, kwa sababu alisema, na jirani alisikia.

Siku tatu za mwisho mayai hayageuzwi tena na mlango haufunguliwi kabisa. Unyevu ukitoka, kifaranga anakwama mlangoni mwa dunia. Barafu alihamishia kiti chake mbele ya kile kidirisha. Wateja walimpigia simu, akawajibu kwamba wanunue barafu. Siku ile ya miadi, asubuhi, aliinama kwenye kioo akaona yai moja lina ufa. Akaweka sikio mlangoni. Ndani kulikuwa na sauti: pii, pii.

"Mama! Mama mkwe! Wanaongea!"

Wakaja wakabandika masikio wote watatu. Mama mkwe alikuwa amevaa nguo za safari. Alisikiliza. "Kuongea si kutoka," akasema, akarudi chumbani. Barafu alimsikia anazunguka humo, hatulii.

Ndipo honi ikalia nje. Shemeji amefika.

Shemeji huyu, kaka yake mkewe Barafu, ni msoma mita wa umeme. Ni mtu mwema, na hilo ndilo tatizo lake. Hawezi kuona taa inawaka bure. Amewahi kuzima taa kanisani katikati ya harusi kwa kuwa jua lilikuwa linatosha. Alikuwa amekuja na gari la kuazima, na kwa mapenzi ya mama yake alikuwa amegandisha chupa nne kubwa za maji, mama asione kiu njiani. Aliingia sebuleni wakati Barafu yuko bafuni, mahali alipokuwa amejizuia kwenda tangu alfajiri, mkewe yuko jikoni, mama mkwe chumbani. Akaliona friji analolijua miaka yote, pale pale pembeni pake. Akasoma ile karatasi, akafikiri ni ya kuwazuia watoto wa jirani wasiibe soda. Akauona mpira wa baiskeli, akasikitika: masikini shemeji, fundi wa friji, na mlango wake haushiki. Akachungulia kwenye kioo, na hapo ndipo moyo ulipomlipuka. Taa inawaka! Mlango umefungwa na taa inawaka ndani!

Akafungua. Akasukuma mayai kando kwa adabu, akapanga chupa zake nne za barafu katikati. Akatoa leso, maana balbu zilikuwa za moto, akazifungua zote mbili, akaziweka juu ya friji mahali salama. Akafunga mlango na kuurudishia mpira vizuri kuliko alivyoukuta. Barafu alipotoka bafuni alikutana naye mlangoni.

"Shemeji! Njoo usikilize gari, kuna kitu kinagonga huku chini."

Utamkatalia shemeji aliyesafiri umbali wote ule? Barafu akaenda. Akainama, akalala chini, akasikiliza. Gari lilikuwa linagonga kweli, na kugonga kwa gari ni kama maneno ya mlevi, ukishaanza kuyasikiliza huondoki. Jua lilikuwa limepanda sana alipoinuka na kujipangusa.

"Halafu nimekusaidia na lile friji lako," shemeji akasema. "Lilikuwa linakula umeme bure. Ile taa ya ndani haizimi. Nimezitoa balbu."

Barafu hakukimbia, aliruka. Kidirisha kilikuwa cheusi. Akafungua mlango, ubaridi ukamgusa vidole, akaona chupa za barafu zinavuja jasho na mayai yamejikunyata pembeni. Kelele aliyopiga ilimtoa mama mkwe chumbani na mkewe jikoni na mwiko mkononi.

"Umefanya nini? Umefanya nini, shemeji?"

"Nilidhani ni friji!"

"Ni friji!"

"Sasa kosa langu liko wapi?"

Barafu akanyakua balbu kwa pupa. Moja ikamponyoka, ikapasuka sakafuni. Nyingine peke yake ingechukua nusu siku kulipasha sanduku lililojaa baridi. Akashika yai lenye ufa. Lilikuwa baridi kama yai la dukani, na halikuongea. Barafu akakaa chini, pale pale juu ya vigae vya balbu, akashika kichwa. "Wamekufa," akasema. "Mama, nimewaua mara ya pili."

"Inuka, utajikata makalio," mama mkwe akasema. "Lete hapa!"

Hakungoja kuletewa. Alijitupa kwenye kochi na nguo zake za safari, akafunua blauzi, akayapanga mayai juu ya tumbo, yote kumi, akayafunika kwa kanga, juu ya kanga blanketi. Kisha akaanza kutoa amri, na jeshi zima likasimama. Binti, chemsha maji, jaza chupa, zifunge kwa taulo, leta. Barafu, lowesha kitambaa maji ya vuguvugu, unyevu, unyevu! Msoma mita, vua viatu, kaa pale, usiguse kitu chochote chenye waya.

"Mama," shemeji akasema kwa unyonge, "gari la watu linatakiwa leo."

"Umeona nimeshika usukani? Nyamaza."

Akalala hivyo bila kujitingisha, jasho linamchuruzika mpaka shingoni. Chupa zilipopoa zilibadilishwa. Mchana ukapita, hakuna aliyekula. Barafu alikuwa amepiga magoti kando ya kochi, na kila mama mkwe alipopepesa macho yeye aliuliza, "Vipi?" na kila alipouliza alijibiwa, "Nikwambie mara ngapi nitakwambia?" Halafu, wakati ule ule ambao mtu ameshakata tamaa, mama mkwe akakunja uso.

"Kimenidonoa," akasema.

"Wapi?"

"Kitovuni, mshenzi huyu."

Pii, ikasikika chini ya blanketi. Pii, pii. Mkewe Barafu akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mama mkwe akainua ukingo wa kanga, akachungulia, akaanza kuwagombeza. "Toka! Sukuma! Unangoja ualikwe?" Wakasukuma. Walitoka mmoja mmoja, wamelowa, wabaya wa sura, shingo hazina nguvu, wanaanguka na kuinuka juu ya tumbo la yule mama. Kufikia jua kupungua walikuwa saba. Mayai matatu hayakusema kitu tena, akayaweka kando polepole.

Shemeji akashusha pumzi akasimama. "Basi, Mama, ahadi ni ahadi. Mashine imetotoa, unabaki. Mimi niwahi gari la watu."

Hapo Barafu angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Mkewe alimkazia macho ya kumwambia anyamaze. Lakini alikuwa amepiga magoti kwa muda mrefu mno, na moyo ulikuwa umemjaa mpaka mdomoni.

"Hapana," akasema. "Tuseme ukweli. Mashine haikutotoa hata mmoja. Imeshindwa. Umetotoa wewe, Mama. Kwa maneno yetu, umeshinda, una haki ya kwenda." Akajisogeza kwa magoti mpaka ukingo wa kochi. "Ila mimi nakuomba usiende. Kuku niliua mimi, na sitaki unisamehe kama hutaki. Lakini ukiondoka, nani ataniambia nimekosa? Mimi sijapata mama mwingine. Ni wewe tu."

Mkewe akajifuta pua kwa mwiko bila kujua. Shemeji aliangalia vidole vyake vya miguu. Mama mkwe alimtazama Barafu, kifaranga mmoja amejikita shingoni kwake, na macho yake yalikuwa yamelowa kama wao.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Mjinga mkubwa wewe. Umewahi kuona wapi mwanamke aliyejifungua watoto saba akapakiwa kwenye gari siku hiyo hiyo?" Akamgeukia mwanawe. "Nenda kawarudishie watu gari lao. Na hizo chupa zako zichukue."

Kisha akamtoa yule kifaranga shingoni, akamfunika kwa kiganja, akamnyooshea Barafu.

"Na wewe shika vizuri, usimwangushe kama balbu. Nimewazaa mimi, kwa hiyo ndio shemeji zako. Wapokee. Hawa angalau hawajui kuzima taa."